Kuituliza Piano Kubwa Chini ya Meru

Piano kubwa, ile ambayo nyuzi zake zimelala, hutoka kiwandani ikiwa imekamilika kwa macho tu. Rangi yake inang'aa, vibonye vyake 88 vimepangwa sawasawa, na karatasi za ukaguzi zimetiwa saini. Sehemu ya mwisho ya utengenezaji wake hufanyika nyumbani itakapoishi, nayo hufanywa na watu wa aina mbili: wabebaji wanaoiingiza ndani bila kuiumiza, na fundi wa kutyuni, yaani kulinganisha sauti, anayerudi tena na tena mpaka mbao, chuma na nyuzi vikubaliane na hewa ya mahali. Arusha ni mji mzuri wa kuutazamia ufundi huu. Umekaa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, na majira yake hupishana kwa namna isiyosamehe uzembe.

Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo ni ngumu, inafaa kwanza kujua kilichomo ndani ya chombo. Moyo wake ni ubao wa sauti, bamba pana lisilofika unene wa sentimita moja, linalotengenezwa kwa sprusi, mti wa jamii ya misonobari unaokua polepole katika nchi za baridi. Ubao huo haukunyooka kabisa. Umebinuka kidogo kuelekea juu, na juu yake kuna daraja la mbao ngumu linalopokea mtetemo wa nyuzi. Nyuzi zenyewe ni takribani 230. Zile za sauti nzito kabisa husimama moja moja, zimeviringishiwa shaba; zinazofuata ni mbili mbili; na sehemu kubwa iliyobaki ni tatu tatu kwa kila noti. Zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 20, na kinachozuia mvuto huo usivunje kila kitu ni fremu ya chuma cha kusubu.

Fremu hiyo ilikuja kwa kuchelewa. Bartolomeo Cristofori, aliyeunda piano za kwanza mjini Florence karibu na mwaka 1700, alitegemea mbao peke yake. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu nzima ya chuma, na mwaka 1859 kampuni ya Steinway ya New York ikapata yake ya kuzikatisha nyuzi nzito juu ya nyuzi nyingine katika piano kubwa. Tangu hapo sauti iliongezeka, na uzito nao ukaongezeka. Piano kubwa ya nyumbani, yenye urefu wa chini kidogo ya mita mbili, huwa na kilo zisizopungua 300 hivi. Ile ya ukumbi wa tamasha, yenye mita mbili na robo tatu, hukaribia kilo 500. Uzito huo haukugawanyika sawa pia. Upande ulionyooka, wa sauti nzito, ni mzito kuliko ule uliojipinda, jambo ambalo mbebaji asiyelijua huligundua akiwa tayari ameshainua.

Chombo hiki si kigeni kwa Afrika Mashariki kama kinavyoonekana. Katika karne ya 19 pembe za ndovu ziliteremshwa kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, zikavushwa Zanzibar, na kutoka hapo sehemu kubwa ilipelekwa Marekani. Huko Connecticut, katika vijiji jirani vya Deep River na Ivoryton, viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney vilipasua pembe hizo kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonye vya piano na kuvianika juani katika nyumba za vioo mpaka viwe vyeupe. Wanunuzi wa Kimarekani walikuwa na mawakala wao Zanzibar. Mmoja wao, Ernst Moore, alikuja baadaye kuandika kitabu cha kuilaani biashara hiyohiyo, kilichotoka mwaka 1931. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa ni laini, haipasuki ovyo chini ya msumeno. Mwanzoni mwa karne ya 20, Marekani ilipokuwa ikitengeneza piano zaidi ya 300,000 kwa mwaka, vidole vingi vya watoto wa Chicago na Philadelphia vilijifunzia juu ya ndovu wa nchi hizi. Jozi ya pembe kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, zilizouzwa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1890, zilitoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hizo ziliponea chupuchupu kupasuliwa. Zote mbili zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la London.

Leo vibonye vyeupe hufunikwa kwa plastiki, kwani biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Anayenunua piano mpya hana la kuhofia. Anayevutiwa na piano kuukuu ya Ulaya, kwa sababu bei yake ni nafuu, ajue kwamba ikiwa ina vibonye vya pembe haiwezi kuvuka mpaka bila kibali, na kibali chenyewe hakipatikani kwa urahisi. Kwa hiyo mpagazi anayeingiza piano mpya katika nyumba ya Njiro au Ilboru hivi leo anabeba mzigo safi kuliko ule wa babu zake, ingawa ni mzito zaidi.

Safari ya piano mpya kwenda Arusha mara nyingi huanzia Japani, mjini Hamamatsu, maskani ya Yamaha na Kawai, au huanzia Ulaya, na sehemu yake ya baharini huishia katika bandari ya Dar es Salaam. Hapo kuna mambo ya wakala wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ushuru mwingine, ambayo hayahitaji kuelezwa kirefu. La kuangalia ni unyevu. Kiwanda huifunga piano ndani ya mfuko mzito wa nailoni uliozibwa, pamoja na vifuko vya kunyonya maji, kisha ndiyo huiweka kwenye kreti. Mfuko huo ukifunguliwa bandarini kwa ukaguzi ukaachwa wazi, ubao wa sauti utakunywa hewa ya pwani kwa siku zote mzigo utakazokaa hapo. Wakala mwenye busara huomba ukaguzi ufanyike chini ya paa, na huwa na gundi ya karatasi mkononi ya kuuziba mfuko papo hapo. Ni jambo dogo lisilogharimu chochote, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Kutoka Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 600 za lami, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Moshi. Barabara ni nzuri; adui ni matuta. Kila kijiji kikubwa kina yake, na dereva wa Fuso aliyezoea kubeba saruji huyaruka bila huruma. Piano husafirishwa ikiwa imelala kwa ubavu wake ulionyooka, imefungwa kwa mikanda kwenye ukuta wa mbele wa bodi, bila mzigo mwingine wa kuegemea. Kirikuu hakifai hata kwa kipande cha mwisho cha safari, kile cha kutoka barabara kuu hadi getini. Njia za ndani za Sakina, Moshono au Tengeru zina mawe ya volkano na mifereji iliyochimbwa na mvua, na gari fupi lililobeba mzigo mrefu na mzito hulala upande kwa urahisi. Afadhali gari kubwa zaidi, asubuhi, siku isiyo na mvua.

Kabla gari halijafika, chumba kiwe kimeshaamuliwa. Wengi huiweka piano karibu na dirisha lenye mandhari ya Meru, na hilo ni kosa. Jua la asubuhi linalopiga upande mmoja wa chombo hukausha mbao za upande huo peke yake, na hewa ya dirisha lililo wazi hubadilisha unyevu mara kadhaa kwa siku. Mahali bora ni penye ukuta wa ndani, mbali na jiko na mlango wa nje. Upande ulionyooka ndio unaoelekezwa ukutani, ili mfuniko ufunguke kuelekea katikati ya chumba. Sebule nyingi mpya za Arusha zina sakafu ya vigae na dari ya jasi, na humo piano hupiga kelele. Zulia nene, mapazia mazito na kabati la vitabu hufanya kazi kubwa kuliko fedha yoyote itakayotumiwa baadaye kujaribu kulainisha sauti.

Kazi ya kuingiza ndani ndipo ufundi unapoonekana kwa macho. Piano ikiwa imesimama kwa ubavu, bila miguu, urefu wake kwenda juu ni kama mita moja na nusu, na unene wake hauzidi nusu mita. Mlango wa kawaida huipitisha. Kinachokwamisha ni kona ya korido na ngazi za barazani, kwa hiyo mkuu wa wabebaji hutangulia na futi yake, akapima, akarudi, akapima tena. Wabebaji wasiojua humwona anapoteza muda. Wanaojua humsubiri.

Kisha piano, ikiwa imefungwa mablanketi, hulazwa juu ya ubao mrefu mgumu uliovikwa zulia, hukazwa kwa mikanda, na ubao huo ndio unaosukumwa na kuinuliwa. Hakuna anayeshika piano yenyewe. Kwenye ngazi, wenye nguvu zaidi hukaa chini, kwa sababu uzito huwaendea wao. Wa juu huvuta na kuzuia. Anayesema ni mmoja tu. Wengine wakianza kutoa amri zao, mzigo husimama mpaka wanyamaze, kwani kwenye kilo 300 amri mbili ni ajali. Wabebaji wa Arusha, waliozoea kupakua majokofu, mashine za kusaga na makabati ya mninga, wana nguvu ya kutosha. Wanachohitaji kufundishwa ni upole wa hatua za mwisho: kushusha bila kudondosha, hata kwa sentimita mbili. Piano ikidondoshwa sentimita mbili haitavunjika, lakini magurudumu yake yatapasua kigae na mguu unaweza kulegea kwenye kiungo chake.

Kuisimamisha ndiko kunakotisha watazamaji. Piano ikiwa bado imelala kwa ubavu, hufungwa miguu miwili: ule wa mbele upande wa kulia na ule wa mkiani. Kisha wote huinamisha chombo polepole, wakikishusha kuelekea miguu hiyo, mpaka kikae mlalo huku kona ya tatu, ya mbele kushoto, ikiwa haina kitu chini yake. Kona hiyo hushikiliwa na watu wawili, au na kigogo imara kilichokatwa kwa kipimo, na kwa muda huo mmoja huingia chini, akaupachika mguu wa tatu na kuugonga kwa kiganja mpaka ufuli wake ushike. Mwisho hufungwa fremu ya pedali. Kazi yote ya kuisimamisha haimalizi nusu saa. Ikifanywa vizuri hakuna kitakachoonekana. Hakuna mkwaruzo, hakuna alama ukutani, na mwenye nyumba huona kana kwamba chombo kilikuwa hapo siku zote. Hiyo ni moja kati ya kazi chache za ufundi ambazo sifa yake ni kutoacha dalili yoyote ya kufanyika.

Chini ya kila gurudumu huwekwa kikombe cha mbao ngumu. Uzito wa zaidi ya kilo 100 unaokanyaga eneo dogo kama sarafu hutoboa zulia na kuacha shimo kwenye sakafu ya mbao. Seremala yeyote wa mjini anaweza kuvichonga kwa mninga au mkangazi kwa saa chache, na vitakuwa imara kuliko vya plastiki.

Baada ya hapo hakuna la kufanya kwa wiki mbili au tatu. Huu ndio wakati mgumu kwa mwenye nyumba, kwa sababu piano inaonekana tayari na haisikiki vizuri. Kumwita fundi siku hiyohiyo ni kupoteza fedha. Mbao zilizofungwa nailoni kwa wiki nyingi zinaanza sasa kutoa au kupokea maji mpaka zilingane na hewa ya chumba, na ubao wa sauti unasogea pamoja nazo. Hewa ikiwa na unyevu, ubao huvimba, ule mbinuko wake huongezeka, daraja huinuka na kuzibana nyuzi, na sauti hupanda, hasa katika oktava za kati. Hewa ikikauka, mambo hugeuka. Piano iliyokaa Dar es Salaam ikavuta hewa ya bahari, kisha ikapandishwa Arusha mwezi wa Januari, itashuka sauti katika wiki chache hizo. Wapo wanaoamini kwamba ni urefu kutoka usawa wa bahari unaobadilisha sauti. Sivyo. Uzi hutetemeka kwa kadiri ya urefu wake, uzito wake na mvuto wake, na mlima haubadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Ni maji tu.

Nyuzi mpya nazo zina tabia yake. Waya wa chuma uliofungwa karibuni huendelea kurefuka kidogo kidogo, na mizunguko yake kwenye vigingi hujikaza, kwa mwaka mzima na zaidi. Ndiyo sababu piano mpya hutoka sauti haraka kuliko ya zamani, jambo linalowashangaza wengi waliolipa fedha nyingi wakidhani wamenunua utulivu.

Fundi wa kutyuni huja na mkoba mdogo kuliko unavyotarajiwa: ufunguo mrefu wa vigingi, kanda la sufu lililoshindiliwa, vibaji viwili vitatu vya mpira, na uma wa sauti, chombo kilichobuniwa na John Shore, mpiga tarumbeta wa London, mwaka 1711. Siku hizi wengi hubeba pia simu yenye programu ya kupima mitetemo. Uma hutoa noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kinachotumika karibu duniani kote. Fundi hulisokomeza kanda la sufu katikati ya nyuzi za oktava za kati, ili kati ya kila nyuzi tatu isikike moja tu. Kutoka kwenye A hiyo huijenga oktava nzima, na kutoka kwenye oktava hiyo huijenga piano yote.

Hapa ndipo ilipo siri ya kazi. Nyuzi mbili zinazokaribiana bila kulingana hupiga mapigo. Moja ikiwa na mitetemo 440 na nyingine 441, sikio husikia sauti ikivimba na kunywea mara moja kila sekunde. Mtu wa kawaida husikia ubovu tu. Fundi huhesabu. Na jambo linaloshangaza zaidi ni kwamba hazilinganishi noti zote mpaka mapigo yaishe. Oktava ikigawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, kama piano inavyotaka, masafa ya tano, yaani umbali kutoka noti ya kwanza ya ngazi hadi ya tano, hayawezi kuwa safi kabisa. Kila moja lazima lipunguzwe kidogo sana, na masafa ya tatu makubwa yapanuliwe zaidi. Fundi huachia kila sauti ubovu wake uliopimwa, ili hakuna ufunguo wa muziki utakaoonewa. Wanakwaya wa Arusha, wanaoimba bila chombo na kuzisafisha sauti zao zenyewe kwa sikio, hulihisi hilo wanapoanza kuimba na piano: ile sauti ya tatu inawaita juu kidogo kuliko walivyozoea. Masikio yao hayajakosea.

Mkono una kazi ngumu kuliko sikio. Kigingi kimepigiliwa katika kipande cha mbao ngumu za tabaka, na msuguano wake ndio unaoshikilia uzi. Kukizungusha mpaka sauti ifike si kazi. Kazi ni kukiacha mahali ambapo hakitarudi. Fundi hukivuta kupita kidogo, kisha hukirudisha kwa shinikizo dogo la kiganja, akikigonga kibonye kwa nguvu ili mvuto usawazike kwenye urefu wote wa uzi, pande zote za daraja. Fundi mchanga hukimbilia kuisikia noti ikiwa sahihi na kuiacha, na kesho yake imeshuka. Ufundi huu hauna njia ya mkato, na programu ya simu haiufundishi. Programu huonyesha noti ilipo sasa; haiwezi kuonyesha itakapokuwa asubuhi.

Katika muziki wa Afrika Mashariki maarifa ya namna hii si mapya. Wapigaji ngoma huzipasha moto kabla ya mchezo, kwa kuwa ngozi iliyolegezwa na umande haitoi sauti. Kanuni ya taarab ya Zanzibar ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti kama za piano, na daraja lake hukaa juu ya ngozi. Mpiga kanuni wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, hutumia muda mrefu kuilinganisha kabla ya watu kuketi, kwa sababu hewa ya bahari huigusa kila saa. Tofauti ni kwamba mpiga kanuni hutyuni mwenyewe. Mpiga piano, kwa bahati mbaya, amezoea kumwachia mtu mwingine, na mara nyingi hajui hata kama sauti imeshatoka.

Kalenda ya Arusha ndiyo inayopanga ziara za fundi. Masika huanza Machi na kufika kilele Aprili. Juni hadi Agosti huwa na baridi na mawingu yanayokaa juu ya mji hata adhuhuri. Septemba na Oktoba ni vumbi. Vuli huja Novemba na Desemba. Januari na Februari ni joto kavu. Na mji wenyewe si mmoja. Nyumba za Ilboru na Sekei, zilizopanda mlimani, na za Tengeru na Usa River upande wa mashariki, hupata ukungu na mvua kuliko Kisongo, ambako nyika huanza. Piano mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, moja ikiwekwa Sekei na nyingine Kisongo, zitahitaji ratiba tofauti. Kipimo kidogo cha unyevu chenye mshale, kinachotundikwa karibu na piano, humwambia mwenye nyumba mengi kuliko rangi ya mawingu. Kisome karibu asilimia 50, na lililo muhimu zaidi, kisiyumbe sana. Mashine za kurekebisha unyevu ndani ya piano zipo na ni nzuri, mradi umeme usikatike; umeme ukikatika mara kwa mara, afadhali madirisha yafungwe mapema jioni na mfuniko uteremshwe.

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza kuna kazi mbili ambazo wengi hawazijui. Ya kwanza ni kurekebisha mtambo, yaani safari ya kila nyundo kutoka kwenye kibonye hadi kwenye uzi, pamoja na ule wenzo wa kuachia mara mbili uliobuniwa na Sébastien Érard mwaka 1821, unaoruhusu noti kurudiwa kabla kibonye hakijapanda chote. Sufu mpya hushindiliwa kwa matumizi, na vipimo vya kiwandani hulegea. Ya pili ni kulainisha nyundo kwa sindano. Fundi huchoma mabega ya sufu ya nyundo, si ncha yake, akiipunguza ukali kidogo kidogo na kusikiliza baada ya kila mchomo. Sindano iliyozidi hairudishiki. Hapa pia sebule ya vigae ina la kusema: mara nyingi ukali unaolaumiwa kwa nyundo ni wa kuta, na fundi mwaminifu huagiza zulia kabla ya kutoa sindano.

Maadui wengine ni wa kawaida. Nondo hula sufu, panya hukata felti na kujenga viota chini ya vibonye, na vumbi jekundu la Oktoba hupenya kila mahali. Chombo cha maua hakiwekwi juu ya piano, wala kikombe cha chai. Kitambaa kikavu laini kinatosha kwa usafi.

Mafundi wa kutyuni ni wachache mno kaskazini mwa Tanzania, na wakati mwingine fundi huitwa kutoka Nairobi kupitia Namanga, mwendo wa kilomita zipatazo 270, na nauli yake huwa sehemu kubwa ya malipo. Hilo linaweza kubadilika. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo Usa River, hufundisha muziki hadi shahada, na makanisa ya Meru na Arusha yamejaa vijana wenye masikio yaliyonolewa na kwaya na tarumbeta tangu enzi za wamisionari wa Leipzig, waliofungua kituo Nkoaranga mwaka 1902. Kinachokosekana ni miaka miwili mitatu ya kumfuata fundi mzee akiwa na ufunguo mkononi.

Kwa anayenunua sasa, ushauri ni huu. Bei iliyopangwa kwa piano ipunguzwe, kinunuliwe chombo kifupi kidogo kuliko kilichotamaniwa, na tofauti itengwe kwa ajili ya wabebaji wanaojua kazi na ziara nne za fundi katika mwaka wa kwanza: ya kwanza wiki tatu baada ya kufika, nyingine zikifuata majira. Kuanzia mwaka wa pili, mara mbili zinatosha, Julai masika yakiwa yamekauka na Januari baada ya vuli.